Kizibo cha Majani ya Mgomba

Verdiana alijua kabla ya kusoma kipimajoto. Hema lake la uyoga, lililosimamishwa ndani ya chumba, likipumua vizuri, kuta za nailoni nyeusi hubonyea ndani kidogo, kama mashavu ya mtu anayefyonza uboho. Mchana ule zilikuwa zimening'inia, zimelegea. Feni ilinguruma, lakini haikuwa ikitoa kitu.

Alipofungua zipu, joto lilimvaa usoni. Digrii thelathini na mbili. Mifuko ya mabua ya mahindi ilikuwa kwenye kamba zake, na uyoga uliochomoza ubavuni mwa mifuko ulikuwa umerefuka shingo na kuota vichwa vidogo kama vifungo vya shati. Uyoga hauhitaji jua, ila hewa unaihitaji kama mtu. Ukiufungia na pumzi yake yenyewe, unajinyoosha kutafuta nyingine.

"Nikija Jumamosi nataka vichwa vipana, dada," Saadi, mnunuzi wake, alikuwa amemwambia kwa simu kutoka Tarime mjini. "Hoteli za Mugumu hazipiki shingo. Nikikuta shingo, nageuza gari na sirudi."

Alizunguka nyuma ya nyumba. Bomba la kutolea hewa lilipenya ukutani na kuchungulia migomba. Mdomo wake ulikuwa umezibwa tena kwa majani makavu yaliyosokotwa yakakaza. Aliyang'oa kwa hasira, na hewa ya moto ikatoka bombani ikampiga mkononi.

Uani, Werema, mdogo wa mume wake, alikuwa akiosha pikipiki.

"Werema! Hiki nini?"

"Majani ya mgomba, shemeji. Huko chuoni ulikosoma hawakukufundisha?"

"Nakuuliza nani ameyatia kwenye bomba langu."

"Bomba lako nalijulia wapi? Chumba umekipiga kufuli kama benki."

"Unakitaka hicho chumba. Ulimwomba kaka yako Heche mbele yangu, kabla hajaenda Nyakunguru kwenye mashimo ya dhahabu."

"Niliomba, akaninyima, nikanyamaza." Werema alikamua tambara. "Ningetaka kukuharibia ningekata waya wa feni, yakaisha. Kusokota majani taratibu namna hiyo, muda huo nautoa wapi? Na wewe tuambie basi unalima nini humo. Mnadani watu wananiuliza mimi. Nailoni nyeusi, kufuli, feni inanguruma mchana kutwa. Hapa Tarime, shemeji! Unadhani wanafikiria mchicha?"

"Nilishasema ni uyoga."

"Aa. Kwani kuna mtu anayelima ile kitu akakuambia ni ile kitu?"

Verdiana alisonya akaondoka. Kufuli lile halikuwa la kuficha bangi, lilikuwa la vumbi tu. Mtu akiingia na miguu ya zizini, ukungu wa kijani hupanda mifukoni na kumaliza kila kitu. Alishaeleza hivyo. Lakini kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kutazama kufuli.

Kesho yake, Jumatano, alichekecha majivu ya jikoni chini ya bomba, akayatandaza laini kama unga. Kisha akajifungia ndani, akakaa kwenye ndoo, macho kwenye ukuta wa hema. Jua lilipokuwa kali juu ya mabati, nailoni ikalegea mbele ya macho yake.

Alitoka mbio. Nyuma ya nyumba hapakuwa na mtu. Kizibo kilikuwepo, na kwenye majivu kulikuwa na alama za katambuga, vile viatu vya tairi la gari. Kando yake palikuwa na kitobo cha mviringo, kisha kingine. Fimbo.

Pale nyumbani mtu wa fimbo alikuwa mmoja.

Alikitazama kizibo upya, bila kukichomoa. Majani yalikuwa yamekunjwa mara mbili, yakasokotwa, ncha ikachomekwa ndani isifumuke. Ndivyo kilivyozibwa kibuyu cha maziwa cha Mzee Matiko, baba mkwe wake, kinachoning'inia mlangoni pa zizi. Alikuwa akikiona kila siku. Alikuwa amemshuku Werema, akamshuku jirani, akamshuku hata Saadi. Mzee hakumfikiria kabisa, kwa sababu baba mkwe hakanyagi nyumba ya mkamwana wake. Alisahau kwamba mdomo wa bomba uko nje.

Sasa angemwambiaje? Mkamwana hamsogelei baba mkwe, sembuse kumwuliza jambo la aibu uso kwa uso. Aliyekuwa akibeba maneno kati yao, mama mkwe, alikuwa amelala kaburini ng'ambo ya migomba. Alikuwa amebaki Werema.

"Ehe," Werema alisema baada ya kusikia yote. "Kwa hiyo mimi si mwizi wa hewa tena?"

"Nisamehe, shemeji."

"Sema kwa nguvu, pikipiki haijasikia."

"Werema!"

"Twende basi."

Mzee alikuwa ameketi mlangoni pa zizi. Verdiana alisimama mbali, karibu na ghala, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee aliwajibu ng'ombe. Hakugeuka. "Werema, mwambie mke wa kaka yako kwamba nimezeeka bila aibu. Sitaki gari la polisi lije kuvunja mlango wa mwanangu kwa sababu ya harufu ya bomba hilo."

"Tata, harufu gani? Na kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nikikuambia, umejua. Ukishajua, siku ukiulizwa kikaoni utasema au utadanganya. Kizibo hakiulizwi."

"Werema, mwambie baba ni uyoga," Verdiana alisema, macho chini.

"Nimesikia ni uyoga. Uyoga unaota wenyewe porini mvua ikinyesha. Lini uliwekewa feni?"

Werema alimgeukia Verdiana.

Verdiana alikwenda ndani. Alirudi amebeba mfuko mmoja mzima, akauweka chini katikati ya ua, akarudi nyuma hadi ghalani. Mzee akainuka. Aliugusa kwa fimbo, akavunja uyoga mmoja, akaunusa.

"Unanuka gogo lililolowa," alisema. "Na ile nyingine ameificha wapi?"

Verdiana aliuma midomo. Kutoka zizini upepo ulikuwa ukivuma na vumbi la samadi, na kwenye mifuko ya nyuma vilikuwa vimechomoza vichwa vichanga, vya Jumamosi. Akatembea hadi nyumbani kwake. Akafungua kufuli, akaachia mlango wazi, akavuta zipu ya hema kutoka juu hadi chini. Akaibana nailoni pande zote mbili, ili mtu aliyesimama uani aone hadi ukuta wa mwisho bila kuvuka kizingiti.

Mzee alisogea, akasimama hatua kadhaa kutoka mlangoni. Akatazama. Alitazama mfuko hadi mfuko, akainama kuona chini, akarudi kuanza upya. Vumbi lilipita miguuni pake likaingia.

"Werema, mwambie afunge," alisema hatimaye. "Vumbi linaingia."

Akazunguka nyuma ya nyumba kwa fimbo yake. Verdiana alikuwa bado anapandisha zipu aliposikia majani yakichomolewa. Nailoni ikatikisika, ikabonyea ndani.

Jumamosi Saadi alipima kila kichwa kwa kidole. Mfuko mmoja wa karibu na mlango ulikuwa umeshika ukungu wa kijani. Uyoga wenye shingo ndefu aliusukuma kando. Vichwa vya nyuma alivipakia vyote kwenye kreti. "Jumamosi ijayo," alisema.

Tangu siku hiyo Mzee Matiko huhamishia kigoda chake kando ya bomba jua likipanda, pua kaielekeza juu. Mtu akipita njiani na kupunguza mwendo, mzee humwahi: "Uyoga. Unataka nini kingine?" Verdiana humsikia akiwa ndani, na hufurahi.

Lakini majivu anayatandaza bado. Jana jioni aliyakuta laini vilevile, na alama za katambuga zimeyazunguka pembeni, kwa uangalifu, hadi usawa wa mdomo wa bomba, kama za mtu aliyekuja kunusa.