Mbega wa Nnalongo

Kwenye Barabara ya Nasser, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, mtu akikuuliza kazi yako unamjibu kwa mashine. Mimi Bbosa nilikuwa mtu wa kompyuta. Nakimera alikuwa mtu wa sindano. Kwa miaka sita alikaa dirishani, mashine ikishakata stika yeye anabandua mabaki kwa ncha ya sindano mpaka herufi zibaki peke yake. Alikuwa mama wa watoto wawili, mcheshi, na hakuwahi kushika kompyuta yetu hata siku moja.

Jumatatu asubuhi alipanda ngazi hadi dukani kwetu Nnalongo mmoja kutoka Masaka. Wote tukapiga magoti kidogo kumsalimu, maana mama wa mapacha haamkiwi ukiwa umeegemea meza. Akafungua kitambaa, ndani mna karatasi ya manjano yenye mchoro wa mbega, mdogo kama kipande cha sabuni, uliochorwa kwa wino.

"Marehemu mume wangu alichora," akasema. "Alikuwa mwalimu. Sisi ni watu wa ukoo wa Ngeye, mbega ndiye mnyama wetu. Vijana wa kwetu wanacheza mpira Jumamosi. Namtaka kwenye jezi zote, na kwenye kitambaa cha kufunika ubavu wa basi."

"Utampata, Nnalongo," bosi wetu Ssebunnya akaapa.

Nikaupiga mchoro picha. Taabu ikaanzia hapo. Picha ni vidoadoa tu vilivyopangwa. Ukiikuza, kingo zinakuwa ngazi. Tena mashine ya kukata haifuati vidoa, inafuata mstari. Ilibidi tupate programu ya kugeuza picha kuwa mistari, na ile yetu ya zamani ilikuwa imekwisha muda wake wiki hiyohiyo.

Tukajaribu tatu: moja ya bei kali, moja ya kwenye mtandao unayoitumia picha ikakurudishia mchoro, na moja ya bure. Mimi na bosi tukavuta viti. Ile ya bei kali ilimtoa mbega kila unywele, mpaka ukadhani anapumua.

"Hii hii!" bosi akasema, tayari simu ya kulipia iko mkononi. "Ya bure tuwaachie watu wa bure."

"Bosi, ngoja kwanza," Nakimera akasema kutoka dirishani. "Nyie mnachagua kwa macho, halafu vidole vyangu ndivyo vinavyolia. Kateni zote tatu, ndogo ndogo. Msiniambie ipi ni ipi."

"Dada, wewe kompyuta unaijua?" nikamtania.

"Wewe sindano unaijua?"

Tukakata. Akaichukua ya kwanza, akavuta taratibu, nywele zikakatika vipande vipande. "Mstari huu una homa," akasema. "Umekatwa na mkono unaotetemeka." Ilikuwa ile ya bei kali. Nikafungua kuangalia: mbega mmoja alikuwa na nukta zaidi ya elfu nne, na kila nukta wembe unasimama na kugeuka. Ya pili, ya mtandaoni, haikukatika, lakini manyoya yote ya mgongoni yalikuwa yameshikana yakawa bonge. "Huyu paka kanyeshewa," akasema. Ya tatu, ya bure, ilikuwa mbaya kuliko zote. Bosi akacheka.

"Usicheke, bosi. Ubaya wa hii unatoka kwa Bbosa. Bbosa, hakuna mahali pa kuiambia ipunguze?"

Palikuwepo. Mimi nilikuwa nimeitumia kama ilivyokuja. Akaja kusimama nyuma yangu, akawa ananielekeza. Punguza nukta. Lainisha kona. Futa vidoa vidogo, ila hivyo vya karibu na mkono viache, ni vidole. Unywele huu na huu uwe mmoja, jicho halitajua. Kila mara tunakata, anavuta, anatikisa kichwa, tunarudia. Jaribio la tisa lilibaki na nukta mia mbili na kitu. Akashika ukingo wa mabaki, akavuta mara moja, yakatoka yote kama ganda la ndizi iliyoiva. Mbega akabaki mweusi, na pindo lake refu la manyoya limetulia kila mahali. Nilikuwa na miaka kumi kwenye kazi ile na sikuwa nimewahi kuona mstari msafi namna hiyo.

Jumatano Nnalongo akaja kuona. Akaiweka stika karibu na uso, akaangalia muda mrefu.

"Nani amempa mbega wangu kidole gumba?"

Tukainama sote kuuangalia mkono wa mbega.

"Mbega hana gumba," akasema. "Ana vidole vinne. Mwalimu alikwenda msituni Jumamosi tatu kuwaangalia kabla hajagusa kalamu. Nikienda na huyu, ukoo mzima utanicheka."

Nikaitazama karatasi ya zamani. Kweli, pale palikuwa na doa la wino tu. Nakimera akapiga magoti.

"Nisamehe, Nnalongo. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia aviache. Mimi ni wa ukoo mwingine, sikujua."

"Inuka, mwanangu. Kinarekebishika?"

Nikashika kipanya. Gumba lile lilikuwa na nukta tatu. Nikafuta moja, ya pili, ya tatu. Mstari ukajifunga wenyewe, kiganja kikabaki safi. Haikufika dakika. Bosi akaniuliza polepole, "Na kwa ile ya bei kali?"

"Kwa ile tungekuwa tunatafuta gumba linapoanzia mpaka jioni."

Akairudisha simu mfukoni. "Basi tumeshachagua," akasema. "Au tuseme, tumeshachaguliwa."

Nnalongo alipitisha kidole juu ya manyoya ya mgongoni, unywele kwa unywele, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akamgeukia Nakimera. "Mwalimu angependa ukae naye meza moja. Hakupenda watu wanaochora bila kugusa."

Jumamosi nilikwenda uwanjani. Vijana wa Nnalongo walifungwa mbili bila, na hawakuonekana kujali sana. Walipiga picha ubavuni mwa basi mpaka dereva akapiga honi. Mbega alikuwa mrefu kuliko mlango, na hakuna ukingo wake mmoja uliokuwa na ngazi.

Jumatatu iliyofuata Nakimera aliniomba nimfundishe kompyuta. Wiki ya kwanza alikishika kipanya kama anakamata kifaranga. Kufikia mwezi wa tatu, kazi ngumu zilikuwa zikipita mezani kwangu kwenda kwake, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikizipeleka.