Nje ya Kizingiti cha Hekalu

…feni, geuza feni, hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida, Siok-hun alilisema kwa macho kwa sababu kusema kwa mdomo alikwisha kuacha tangu mwaka wa pili wa kiharusi, nami nikaigeuza ikampepea miguu, nikaenda jikoni kukoroga uji, niliporudi na bakuli feni ilikuwa bado inazunguka na mke wangu hayupo tena, na kwa nini niifikirie feni sasa, saa tisa alasiri, nje ya hekalu la Mama wa Bahari hapa Fangliao, baiskeli nimeiegemeza ukutani, mkononi nimeshika vijiti vitatu vya udi ambavyo vimekwisha kuwashwa, na udi sikuomba, niliomba maji tu, chupa mbili, nikataja njia ya mlimani ya kesho, lakini mhudumu huyu wanayemwita Dada Chiu-kiok alizijaza, akanitazama miguu, akasema, "Kaka, magoti yanatetemeka kama ya bwana harusi, na kesho unataka kuupanda mlima? Ingia umwombe Mama akusukume," na kabla sijafunga kifuniko vijiti vikawa mkononi, moshi puani, na siwezi kuingia, mfiwa haingii hekaluni mpaka siku mia zitimie, hata mtoto wa shule analijua hilo, nami leo niko siku ya sitini na nane, binti yangu Su-ting aliniambia mlangoni, "Baba, hata siku mia hujamaliza, majirani watasemaje, mjane na kaptura ya kubana?" nikamwambia kuendesha baiskeli si sherehe, nikaondoka, kilomita mia mbili na kumi tangu Yuanlin, na kwa siku zote hizi tatu sijamwambia mtu, si askari wa Beigang aliyeniazima pampu kituoni, si muuza tambi wa Tainan aliyeuliza mbona peke yako, mke kakufukuza? nikacheka, nikasema kanipa ruhusa, kwa sababu ukisema umefiwa watu hukutazama usoni, wanaitafuta huzuni, na usoni kwangu kuna kitu kingine, kilianza asubuhi ya kwanza baada ya daraja la mto Zhuoshui, upepo wa kaskazini unanisukuma mgongoni, nikasikia mtu anapiga mluzi, nikageuka kumpisha, hakuna mtu, ni mimi, mtu wa miaka sitini na tatu, na usiku ule nililala Beigang mpaka saa moja asubuhi, nikakurupuka nani kamgeuza, nani kamgeuza, kwa miaka sita nimemgeuza kila baada ya saa mbili, kushoto, chali, kulia, kisha mrija wa kunyonya makohozi, na daftari, nilikuwa naandika daftarini saa na upande, sasa nimekaa kwenye kitanda cha wageni, hakuna wa kumgeuza, na kilichonijia si kilio, ni nafuu, pana, mpaka kwenye vidole vya miguu, hicho ndicho ninachoogopa kionekane, kwamba mtu akikiona atasema waziwazi sikumpenda… "Kaka, unangoja treni?" huyo ni Dada Chiu-kiok, "Ingia, useme jina na unapokaa, na usiseme Yuanlin tu, Yuanlin kuna watu wengi, taja mpaka namba ya nyumba, Mama asije akamsukuma mwingine," na mzee wa pale kwenye sataranji, Bok-sui, bila kuinua kichwa, "Mwache, labda Mkristo," "Mkristo gani ameshika udi hivi, hebu mwone, kama daktari na kipimajoto," wanacheka, naweza kucheka nao na kuingia, nani atajua, hatua nne, kizingiti, nimekwisha kudanganya wanadamu kwa siku tatu, lakini Mama nitamtajia namba ya nyumba, na nyumbani humo bado kuna kitanda cha hospitali hakijarudishwa, majivu yameanguka kwenye kidole gumba, yanaunguza, sikung'uti, "Dada," nasema, "siwezi kuingia. Mke wangu ana siku sitini na nane," basi, limetoka, Bok-sui amesimamisha farasi wake hewani, nami nangoja ule mtazamo, lakini Dada Chiu-kiok anatazama udi, "Ungesema mapema, umeuchoma nusu nzima," hanipokonyi, ananiambia nishike hivyohivyo ataingia kuniombea udi ukikaribia kwisha, maji yangu niyanywe, kisha, "Aliumwa?" miaka sita, namjibu, "Nani alikuwa anamgeuza?" na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, kwenye msiba waliuliza umri, waliuliza hospitali, walisema amepumzika, amepumzika, "Mimi," nasema, "Mmh. Wangu miaka minne. Alipokufa nililala siku mbili mfululizo, wakaja kuniamsha jeneza lifungwe. Mawifi mpaka leo hawanisalimu," "Na ulikoroma," anasema Bok-sui, "mtaa mzima ulisikia," "Nilikoroma, ndiyo, wewe ulikuwa unasikiliza nini dirishani kwa mjane?" na anaweka kete yake chini akicheka, pikipiki inapita, udi bado unawaka, hakuna kilichobadilika hapa nje ila kifua changu kinapokea hewa mpaka chini, na Siok-hun nilimpenda, hilo liko palepale, sikulitafuta na sikulikosa, nilimpenda kila baada ya saa mbili, na nilichoka, na hayo mawili yalilala chumba kimoja miaka yote bila kugombana, ni mimi niliyedhani lazima moja limtoe mwenzake, naye Dada ananitazama usoni sasa, kwa mara ya kwanza, hatafuti kitu, "Na wewe?" anauliza, "ulifanya nini?" nami namwambia, kwa sauti ya kawaida, Bok-sui asikie akitaka, kwamba asubuhi iliyofuata kifo chake, shemeji zangu wakiwa sebuleni wanakunja maua ya karatasi ya kumchomea marehemu na kulia, nilipita mlango wa nyuma na kandambili, nikaenda mpaka kwenye kibanda cha kona, nikaagiza chapati mbili za mayai na maziwa ya soya ya moto, nikala nimesimama, na zilikuwa tamu, dada, zilikuwa tamu sana, nikaagiza ya tatu, nikasema waongeze pilipili.