Mchezaji Atakayetajwa Baadaye

Bi Dolores Hruska, jirani yetu wa mlango wa pili, anadai alikuwa anamenya viazi Jumamosi asubuhi redio iliposema Garrett amepelekwa Seattle. Anadai alilisikia jina lake na la ukoo, Garrett Pavlik, limetamkwa vizuri kabisa, mpaka kisu kikamponyoka kikaangukia kwenye sinki. Kufika saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa na habari. Mimi ninayetoka na Garrett mwaka wa pili sasa niliipata kwa mteja, maana nauza mkate pale kona na nalala chumba cha juu ya duka. Yule mama alinipa pole, akachukua mkate wake, akaondoka. Nikabaki nimesimama, sijui nimepewa pole ya nini.

Jioni nikamfuata Mzee Stan, mume wa Bi Dolores. Yeye alikuwa jikoni humo humo, redio ile ile. Akaniambia mkewe amesikia nusu, nusu nyingine kajaza mwenyewe. Kwa maelezo yake, timu ya besiboli ya Cleveland imechukua mpigaji mmoja mzito kutoka Seattle. Kwa kumlipia wametoa mrushaji mmoja anayejulikana, na juu yake mchezaji atakayetajwa baadaye.

Nikauliza baadaye lini. Akasema hata miezi sita. Nikauliza nani. Akasema ndiyo maana hajatajwa.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na bado sijatoka. Baba yangu hupeleka farasi mnadani tangu sijazaliwa, na sijawahi kuona mtu akibadilisha farasi wake kwa farasi atakayetajwa baadaye. Hata aliye kilema hufunuliwa mdomo kwanza, watu wakaona meno. Lakini kwa besiboli mambo ni hivyo, wala hakuna anayeshangaa isipokuwa mimi. Mzee Stan alinipigia hesabu yake polepole: Seattle hawana warushaji wa mkono wa kushoto. Timu ndogo za Cleveland, zinazolelea wachezaji wa ile kubwa, zinao watatu wa maana. Mmoja anauguza bega, mwingine ndio kwanza wamemleta. Anabaki Garrett, ambaye kiangazi hurushia timu ndogo ya Akron na wakati wa baridi hupakia mbao kwenye yadi ya hapa mjini.

"Kwa hiyo ni yeye?" nikamuuliza.

"Sijasema ni yeye. Nimesema nani mwingine?"

Besiboli naijua. Nimekulia shambani, kwa watu wa dini wanaokataa motokaa na kutumia magari ya farasi, ambako shule huisha darasa la nane, na kila mapumziko tulicheza, wasichana na wavulana, hata theluji ikiwa chini. Ninachoshindwa kuelewa ni besiboli ya wakati wa baridi, ambayo haichezwi hata siku moja na bado watu wanaizungumzia kuliko ile ya Julai. Niliondoka nyumbani kabla sijabatizwa, na kwetu hutengwa aliyeondoka baada ya ubatizo tu, kwa hiyo mlango wa mama haukufungwa, ila nikienda kule nakaa kama mgeni. Nilimfuata Garrett mjini, naye hajawahi kutamka neno la ndoa. Akienda Seattle, sijui mimi nitakuwa mtu wa wapi.

Jumapili tulialikwa kwa akina Hruska kutazama futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira mkononi, Cleveland na Pittsburgh, kama kila mwaka. Mezani kulikuwa na soseji, pierogi za vitunguu, zile kama sambusa za kuchemsha, na katikati keki kubwa ya rangi ya bahari, rangi ya timu ya Seattle, imeandikwa KWAHERI GARRETT kwa sukari nyeupe. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Simu yake iliharibika tangu Ijumaa, na yadi ya mbao haina redio. Mimi nilikuwa nimepanga nimweleze kabla hatujaingia, lakini alichelewa, akaja moja kwa moja. Akavua buti mlangoni, akaiona keki.

"Nani anaondoka?"

"Wewe, mwanangu," akasema Bi Dolores. "Kaa ule."

"Mimi? Jana nimepakia mbao mpaka jioni. Hakuna aliyeniambia kitu."

"Huwa hawakuambii," akasema Mzee Stan bila kuondoa macho kwenye televisheni. "Shemeji yangu alijua mkewe kamwacha kwa kuambiwa na fundi bomba."

Bi Dolores akamwambia anyamaze, ndugu yake hachekwi mbele ya wageni. Ilibidi mimi nimweleze Garrett yote, yule mpigaji, yule mrushaji, na yule asiye na jina. Alinisikiliza uma ukiwa hewani. Kisha akacheka, akasema hiyo ni keki ya mtu ambaye hajulikani, basi aile yeyote. Akakata kipande.

Kumfuata Mzee Stan siku hiyo kulikuwa kazi. Ana misimu miwili kichwani na mdomo mmoja. Alikuwa akisema wamtoe, sijui anayetolewa ni nani, wa futiboli aliyeangusha mpira au mrushaji wa Cleveland wa mwaka ujao. Alisema jaribio la tatu, zimebaki yadi mbili tu za kusogeza mpira, halafu wanarusha mbali, wajinga hawa. Pumzi ile ile akasema Seattle wana uwanja mkubwa, mrushaji wa kushoto hufaidi pale. Garrett akauliza upesi, hufaidi vipi.

Nikamtazama. Akauliza tena kama ni kweli kule mvua hainyamazi. Akauliza timu yao kubwa ina warushaji wangapi waliozeeka. Aliuliza kwa utani, lakini alikuwa kwenye kipande cha pili cha keki, na mtu hali vipande viwili vya kuagwa kwake kama hajaanza kufunga mizigo moyoni. Au labda alikuwa na njaa tu. Tangu asubuhi hakuwa amekula. Sikuweza kujua, na nimezoea kumjua.

"Sasa wewe unataka uwe wewe, au usiwe wewe?" Bi Dolores akamuuliza.

Garrett akasema hajui. Akasema mtu anayekutaka bila kukutaja hujui kama anakutaka. Mzee Stan akasema maneno hayo ni ya kweli, kisha akaitukana Pittsburgh.

Wakati wa mapumziko nikapeleka vyombo jikoni, Garrett akanifuata na taulo. Mimi naosha, yeye anafuta. Dirishani theluji ilikuwa inafunika gari lake. Nilikuwa nimengoja tangu jana, na kungoja si kazi ngumu kwangu, ila hii ya miezi sita niliona siiwezi.

"Wakikutaja, nichukue twende wote," nikamwambia. "Kama hutaki, niambie leo, kabla hawajakutaja. Wakishakutaja sitajua ni wewe uliyeamua au ni wao."

Alikuwa ameshika sahani. Aliifuta mbele, akaigeuza, akaifuta nyuma. Sebuleni Mzee Stan akaita kwamba wanaanza. Garrett akaigeuza tena ile sahani, iliyokwisha kukauka, akaendelea kuifuta.