Uzi wa Rangi Hii

Sketi arobaini za kijani zilikuwa zimelazwa juu ya meza ya stoo ya shule, na mtunza stoo alikuwa akizifunua pindo mojamoja kama mnunuzi anayekagua meno ya mbuzi. Kila pindo lilikuwa limeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Fundi, hii ni nini?"

Fundi aliinama. Aliona mishono midogo, iliyonyooka, iliyokaza sawasawa, kazi ya mikono iliyoshika cherehani miaka ishirini na miwili. Kosa hakuliona.

"Ni pindo," akasema.

"Rangi, mama! Watoto wavae sketi zinazotoka damu?"

Mtunza stoo alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, alinyamaza na kumtazama usoni, jinsi watu wanavyomtazama mlevi wa asubuhi. Fundi hakungoja kufukuzwa. Alizifunga sketi kwenye shuka, akajitwika, akaondoka. Kazi ya shule ile alikuwa akiipata kila mwaka tangu mumewe afariki, na siku ile iliishia pale mezani.

Nyumbani alimkuta wifi yake, dada wa marehemu, ambaye tangu msiba walikuwa wakikaa pamoja na kugombana kwa zamu. Wifi mtu alizipokea sketi, akazitazama, akaenda barazani kuchukua rola mbili za uzi.

"Hii rangi gani?"

"Ya udongo."

"Na hii?"

"Ya udongo vilevile. Unanichezea?"

"Wifi," alisema yule, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha wowote, "hii ni nyanya mbivu, na hii ni nyanya mbichi."

Kila mmoja akabaki na rola yake mkononi.

Mwaka uliotangulia Fundi aliugua kifua. Zahanati ilimwandikia vidonge vinne kila asubuhi, miezi minane, navyo vilikitibu kifua kweli. Lakini mwezi wa tano wa dozi rangi zilianza kuchujuka, kama kitenge kilichoanikwa juani siku nyingi. Alimwambia nesi wa dirishani. "Maliza dozi," nesi akasema. Alimwambia daktari wa zahanati. "Umri huo, mama. Na cherehani," daktari akasema, bila kuinua kichwa. Akamaliza dozi, maana ndivyo mgonjwa mtiifu anavyofanya.

Baada ya sketi zile alikwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa macho. Huyo ndiye aliyeuliza alimeza dawa gani. Alipojibiwa aliinuka akafunga mlango, kisha akazungumza kwa sauti ya chini. Ndani ya kila kopo la vidonge vile mna karatasi ya maelezo, alisema, na karatasi inaagiza macho ya mgonjwa yapimwe kila mwezi, na dawa isimamishwe mara dalili ya kwanza inapoonekana.

"Mimi sijawahi kuiona hiyo karatasi."

Angeiona wapi? Zahanati ilihesabu vidonge na kuvitia kwenye bahasha ndogo za kaki. Kopo lilibaki rafuni, nyuma ya dirisha, na karatasi ilibaki ndani ya kopo.

"Nitapona?"

"Rangi hazirudi. Hicho kilichobaki, tuombe kibaki." Daktari alikuwa tayari anaandika. "Lakini haya, mama, mimi sijakwambia."

Nje Fundi alimwomba mpita njia amsomee cheti. Kilikuwa na mstari mmoja: *Mgonjwa anadai haoni rangi.* Anadai! Alirudia neno hilo njia nzima, na lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Alikuwa anapoteza macho, na macho ndiyo yaliyomlisha. Alitaka waliomtia upofu wakiri kwa maandishi, na wamlipe kabla hajafika pa kushindwa kutunga sindano. Kwa hilo alihitaji wakili.

Wakili wa kwanza alikuwa na milango ya vioo na kiti kilichomeza mtu. Alisikiliza vizuri mno. Alijaza kurasa tatu, akitikisa kichwa na kusema "pole sana" kila mahali panapostahili pole. Kisha akauliza ni kampuni gani iliyoleta vidonge. Fundi akaitaja, kama daktari wa macho alivyomsomea kwenye kadi ya zahanati. Kalamu ikasimama.

"Mama, kesi za dawa ni ngumu."

"Dakika mbili zilizopita ilikuwa rahisi."

"Ofisi yetu ina mgongano wa kimaslahi."

Fundi aliinua macho, na hapo ndipo alipoiona kalenda ukutani, kubwa, ya karatasi nzito, yenye nyota katikati ya duara. Nyota hiyo aliijua. Alikuwa ameitazama kila mwezi kwenye makopo, kupitia dirisha la dawa la zahanati. Kesi ya nyani alikuwa ameileta kwa ngedere, na ngedere mwenyewe alikuwa na tai.

"Ziache karatasi zako kwa katibu wangu," wakili alisema kwa upole, akimfungulia mlango. "Zitakuwa salama."

"Zitalala na mimi," Fundi akasema.

Usiku huohuo? La, hakungoja usiku. Alipofika tu alifumua bitana ya gauni lake jeusi, akaitia ndani kadi ya zahanati, ushahidi pekee wa vidonge alivyomeza, akashona. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, naye akaamua hata cha kumwokoa kikae humohumo.

Wa pili alimpata nje ya lango la mahakama, bwana mwenye suti na maneno matamu, ambaye ofisi yake ilikuwa kivuli cha ukuta na mhuri wake ulikuwa mfukoni, umeviringishwa kwenye leso. Kwa huyo hata hakuketi.

Wa tatu alikuwa mwanamke, ofisi yake juu ya karakana ya fundi viatu, ngazi zikinuka gundi. Kabla ya kusalimia, Fundi alizungusha macho kwenye kuta nne. Hapakuwa na kalenda. Kandambili moja ya wakili ilikuwa imetiwa kiraka.

"Hutanilipa sasa," wakili alisema alipomaliza kusikiliza. "Tukishinda, nitachukua robo."

"Sasa hivi nani anakulipa?"

"Kwa kesi hii? Hakuna."

"Basi unakula nini?"

Wakili alicheka. "Nakula talaka na mashamba, mama. Watu hawaishi kuachana, wala hawaishi kusogeza mipaka. Nahitaji kadi yako. Halisi."

Fundi aliomba mkasi. Akageuza pindo la gauni palepale, akafumua, akaitoa kadi. Alisimama ubavuni mwa mashine wakati wakili anatoa nakala, kisha akachomoa sindano kwenye ukosi wake, akaketi, akairudisha kadi ndani ya bitana. Wakili alimsubiri mpaka alipokata uzi kwa meno.

"Huniamini."

"Nakuamini. Sitaki tu ipotee."

Wote wawili walijua kuwa huo ni uongo, wakauacha ulivyo.

Miezi iliyofuata wakili alifungua kesi dhidi ya kampuni, akaandika barua, akajibiwa, akaandika tena. Fundi naye alifanya upelelezi wake. Alipanda ngazi siku asizoitwa. Siku moja alishinda asubuhi nzima kwenye benchi la fundi viatu, eti anangoja soli, kumbe anahesabu nani anapanda kwa wakili na nani anashuka. Walipanda wanandoa wanaogombana na wazee wenye ramani za mashamba. Hakupanda mtu yeyote mwenye nyota, lakini hilo halikumtuliza. Mwenye kukuuza, aliwaza, hakuuzi mlango ukiwa wazi.

Na tumbo halikujua habari za kesi. Ilibidi ashone. Wifi ndiye aliyetafuta njia. Aligongomea misumari sitini kwenye ubao, akautundika barazani nyuma ya cherehani, akapanga rola kwa safu: nyekundu juu, kuanzia ya nyanya upande wa kushoto hadi ya maini upande wa kulia, chini yake za kijani, chini yake za kahawia, na kuendelea. Fundi alizikariri kama mtoto anavyokariri sala. Wifi alimtahini kwa vitisho: "Ukikosea, utalala na njaa, nami nitalala na njaa kwa ajili yako!" Baada ya wiki tatu mkono wake ulikwenda wenyewe. Na kitambaa kigeni kilipokuja, alimwuliza mteja kwa utani, "Hii nyinyi mnaiitaje siku hizi? Maana mna majina mengi." Mteja alicheka, akataja rangi, na Fundi akahesabu misumari. Hakuna aliyejua. Fundi asiyeona rangi, nani angempa kitambaa chake?

Hata wakili hakumwambia. Wifi alimsihi amwambie. "Wakili haambiwi kila kitu," Fundi alimjibu. "Akijua ninashona, atasema nimepona, ataniacha."

Kisha wakili akapiga simu, sauti yake ikiruka. Kampuni ilikuwa tayari kuzungumza. Wangekutana baada ya wiki mbili.

Katika wiki mbili hizo alikuja mzee mmoja, kofia mkononi, akabisha hodi barazani ingawa hapakuwa na mlango. Aliuliza afya, akauliza watoto, akampa pole ya mume aliyekufa zamani. Alikuwa na gauni la mjukuu wake, lenye maua, lililochanika ukosi.

"Dada, mji huu umejaa washona magunia. Mimi natafuta fundi. Nimeambiwa aliyebaki ni wewe."

Miezi mingi Fundi hakuwa amesikia neno la namna hiyo. Alivishwa kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa ili kimkae vizuri.

Mzee aliinua simu yake, akisema ina picha ya mjukuu, aone ukosi ulivyokuwa. Akabaki ameishika hivyo, kifuani. "Sasa hili shina hapa ni la kijani cha majani. Uzi wake upo?"

Mkono ulipanda safu ya pili, msumari wa nne.

"Ua ni jekundu. Siyo la damu ya mzee, dada, nyekundu ya nyanya."

Safu ya kwanza, wa kwanza.

"Na kahawia ya hiki kitovu?"

Safu ya tatu. Mzee aliziweka rola tatu juu ya gauni, moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa kwa furaha. "Ama kweli una macho!"

"Macho ya fundi hayo," Fundi akasema, akatabasamu.

Siku ya mazungumzo hakukuwa na mazungumzo. Wakili alikuwa peke yake mezani. Hakumkaribisha kiti. Alisukuma simu mbele yake, na Fundi aliiona baraza yake, ubao wake, mkono wake mwenyewe ukienda na kurudi bila kusita. *Macho ya fundi hayo,* ilisema sauti yake, changamfu. Wakili akazima.

"Mama. Unaona au huoni?"

Fundi alieleza. Alieleza ubao, misumari, wifi, sala. Aliharakisha, na kadiri alivyoharakisha ndivyo ilivyosikika kama uongo uliopangwa vizuri.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

Fundi aliitazama simu iliyozimwa. Alikuwa amemchunga wakili huyu miezi tisa, wakati mwivi ameingia barazani na kuulizwa kama atakunywa maji.

"Kampuni ndiyo iliyonitumia video hii. Wanasema tuiondoe kesi katika siku kumi na nne," wakili alisema. "La sivyo watakushtaki wewe kwa udanganyifu."

"Wifi yangu atatoa ushahidi."

"Ni ndugu."

"Daktari wa macho anajua."

"Daktari wa macho aliandika 'anadai'. Nimempigia mara mbili. Anasema hakumbuki zaidi ya alichoandika." Wakili alifuta uso kwa kiganja. "Ukitaka tuendelee, kuanzia leo usiguse uzi mbele ya mtu. Kabisa. Mpaka mahakama isikilize."

"Itasikiliza lini?"

"Miaka mitatu. Pengine minne."

"Na nitakula nini?"

Wakili alinyoosha mkono pembeni, akachukua jalada moja kwenye rundo, akaliinua ghafla.

"Hili rangi gani?"

Fundi alilitazama jalada. Kisha akamtazama wakili, na akaona kuwa wakili halitazami jalada. Alikuwa akiyatazama macho yake, kwa makini, jinsi mtunza stoo alivyomtazama.

"La udongo," akasema.

"Haya, mama," wakili akasema, akalirudisha mahali pake.

Asubuhi iliyofuata Fundi alikaa barazani, cherehani imefunikwa. Wifi alikuwa ndani akisuuzasuuza vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Ilibaki unga wa siku mbili. Saa tatu hivi akaja mwanamke mmoja, mgeni mtaa ule, blauzi mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia.

"Shikamoo, mama. Kifungo kimetoka tu hapa. Uzi wa rangi hii unao?"

Fundi aliitazama blauzi. Akamtazama uso, viatu, mkoba, akarudi kwenye simu. Ilikuwa imeshikwa kifuani, kama watu wanavyoshika simu, kama mzee yule alivyoishika. Ndani vyombo viliacha kulia.

"Sina," akasema.

Mwanamke alitazama juu ya bega lake, kwenye ubao uliojaa nyuzi pembe hadi pembe, kisha akamtazama yeye.

"Na zile?"

"Sina, mwanangu."

Yule mwanamke akaikunja blauzi yake taratibu, akavuka barabara kwenda kwa fundi wa upande wa pili. Alipofika ng'ambo aligeuka, akainua simu. Fundi alisimama, akakaza macho. Kutoka pale alipokuwa hakuweza kujua kama simu iko sikioni au imeelekezwa kwake.