Paka wa Mama Mkwe

Fundi cherehani aling'atwa na paka wa mama mkwe wake siku ya Jumatatu, na mpaka Jumatano alikuwa hajamwambia mtu. Angeanzaje? Paka yule alilelewa kama mtoto wa kuzaa, na kila mgeni aliambiwa jinsi alivyo mpole. Na fundi alimheshimu mkwewe kiasi kwamba mbele yake hata kikohozi alikimeza.

"Ni sindano tu," alimwambia mkewe.

Matundu yenyewe yalikuwa manne, madogo, hata damu ya maana hayakutoa. Lakini Jumatano asubuhi mkasi ulimshinda. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba, kimejikunja na kugoma kunyooka, na mstari mwekundu ulikuwa ukipanda mkononi. Hapo fundi aliogopa kwelikweli, maana mkono huo ndio uliomlisha.

Mama mkwe, kwa upendo, aling'ang'ania kumsindikiza hospitali. Na kwa kuwa paka hapendi upweke, akaja naye kikapuni.

"Umeumizwa na nini?" daktari aliuliza.

"Mkasi," fundi alijibu, akimwibia mkwewe jicho.

"Mkasi wenye meno manne?"

"Ni wa zamani, daktari."

Kikapu kikalia nyau.

"Bwana, nisikilize. Jino la paka ni jembamba, linapeleka uchafu mpaka kwenye kano zinazokunja kidole. Kama ni paka, nakupasua leo nisafishe. Ukinificha ukarudi kesho, huenda nikakikata."

Fundi akamtazama mkwewe. "Ni mkasi, daktari." Jamani, heshima nyingine ni ugonjwa!

Mama mkwe akasimama. "Daktari, aliyemng'ata ni mimi. Tuligombana."

"Haya mama, fungua mdomo nione."

Akafungua. Fizi tupu, za waridi, hata jino la dawa hamna. Daktari akaandika "paka" na kumwita muuguzi aandae chumba cha upasuaji.

Fundi akamgeukia mkwewe. "Mama, kumbe ulijua?"

"Nilimwona akikung'ata Jumatatu hiyohiyo, mwanangu. Nikasema nisubiri useme wewe. Mimi ningemsemaje paka wangu mwenyewe?"

Siku tatu! Fundi akakitazama kidole chake, akayakumbuka mashati yaliyokuwa yakimngoja mezani, akashikwa na hasira. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimpandishia mkwewe sauti.

"Mama, mtoe huyo paka humu ndani!"

Mama mkwe akatoka mbio, kikapu kifuani, akilia kuliko mgonjwa.