Babu Anakwaruza

"Mzee, leo umejipaka au umejichovya?" mkandaji aliuliza, mikono yake imezama kwenye unga hadi viwikoni. "Ukisogea kidogo tu, tutakutoa pamoja na mikate."

Fundi wa tanuri hakucheka. Uso wake ulikuwa unawaka moto. Jasho lilikosa njia ya kutokea, vumbi la unga lilimganda mashavuni kama chokaa kwenye ukuta mbichi, na kila alipofungua mlango wa tanuri joto lilimpiga palepale palipopasuka, chini ya macho na pembeni mwa midomo. Akajifuta kwa mkono wa shati. Ngozi ikamchonyota.

"Ni mafuta ya mgando," alisema. "Niliambiwa nipake kila usiku. Na usiku ndio huu."

"Basi yanakukaanga, mzee wangu."

Alianza kusimama mbele ya mlango ule nywele zake zikiwa bado nyeusi. Tanuri lilikuwa limemnywa kidogo kidogo, hadi uso wake ukawa kama ganda la mkate uliosahauliwa ndani. Hakuwahi kujali. Uso ulimpeleka kazini, ukamrudisha nyumbani. Angeutaka ufanye nini zaidi? Hayo yalikuwa mawazo yake mpaka mjukuu wake alipomkimbia.

Ilikuwa mlangoni kwake, mwaka uliopita. Binti yake anaishi mbali na huja mara moja kwa mwaka. Fundi alimnyanyua yule mtoto juu, akambusu shavuni kwa furaha yote aliyokuwa ameilimbikiza, na mtoto akapiga ukelele. "Babu anakwaruza!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye alicheka pamoja nao. Lakini tangu hapo mtoto alimwamkia akiwa nyuma ya sketi ya mama yake, na wakati wa kuagana alimpungia mkono kutoka mbali, kama anavyopungiwa jirani.

Jumamosi wangekuja tena. Wangekaa siku moja tu. Akinikimbia na safari hii, fundi aliwaza, basi atakua akinijua kama mzee fulani wa kumwamkia na kumpita.

Kulipokucha hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la dawa, viatu vikiwa vyeupe kwa unga, akasimama nje akipiga hatua huku na huku mpaka lilipofunguliwa.

"Shikamoo, baba," muuza dawa alisema. Alikuwa binti mdogo, umri sawa na wa binti yake mwenyewe.

"Marahaba. Mwanangu, mafuta yako yananiunguza."

Yule binti aliinama juu ya meza, akamtazama kwa makini. "Pole sana. Unapaka saa ngapi?"

"Usiku, kama ulivyosema. Nikishavaa nguo za kazi."

"Nguo za kazi? Kwani usiku unakwenda wapi?"

"Kwenye tanuri. Mikate mnayokula asubuhi mnadhani inajioka?"

Binti alijishika kichwa. "Jamani, baba! Nilimaanisha wakati wa kulala. Na mimi nikakosea, sikukuuliza unalala saa ngapi." Akavuta kopo, akalifungua. "Haya mafuta hayana maji hata tone. Yenyewe yanafunika tu. Kwa hiyo unanawa uso, unaukausha juu juu, na ungali na unyevunyevu unapaka kidogo sana. Unapolala, yanazuia ule unyevu usitoroke. Ukipaka uso mkavu halafu ukaenda kusimama motoni, yatafunika nini?"

Fundi aliikumbuka ile meza ndefu kazini, madonge yamepangwa yakiumuka chini ya vitambaa vilivyoloweshwa na kukamuliwa. Donge ukiliacha wazi hukauka juu, likapasuka likiingia motoni. Mkandaji akisahau kitambaa, yeye humfokea mpaka sauti ikauke.

"Kumbe mimi ndiye nimeachwa wazi," alisema polepole.

"Unasemaje, baba?"

"Hapana, mwanangu. Nimekuelewa."

Usiku wake basi ukawa mchana. Mke wake alishusha pazia zito, akatandika kanga kuukuu juu ya mto, akasimama kumwangalia akijipaka.

"Sasa unang'aa kama sufuria mpya," alisema. "Yote haya kwa ajili ya mke mwenzangu?"

"Mke mwenzako alinikimbia. Mwanamume haposi mara ya pili na uso uleule."

"Mimi ulinioa na uso upi?"

Alijilaza chali. Akageuka. Akakumbuka kwamba akigeuka mafuta yatabaki kwenye kanga, akarudi chali. Nje watu walikuwa na mchana wao. Mtu alipiga nyundo, mtu alibishana kuhusu baiskeli. Aliinuka kwenda kwenye kioo, akajigusa kwa ncha ya kidole, akarudi kitandani, akainuka tena.

"Wewe," mke wake aliita kutoka jikoni, "hata donge unalifunuafunua hivyo?"

"Nalifunua!"

"Basi nawahurumia wanaokula mikate yako."

Siku zikapita hivyo. Chini ya macho magamba yalianza kupungua, lakini pembeni mwa midomo bado palikuwa pagumu, au yeye aliona hivyo. Kila alipomuuliza mke wake, alijibiwa, "Lala, mzee."

Jumamosi hakulala kabisa. Alirudi kutoka kazini na donge dogo kwenye bakuli, limefunikwa kitambaa kibichi, akalishikilia kwa mikono miwili kama kitu kinachopumua. Wageni walipobisha hodi alikuwa ameshaketi sakafuni, mgongo ukutani, bakuli mbele yake. Hakuinuka kumnyanyua mtu.

Mtoto alichungulia kutoka nyuma ya sketi. "Bibi, babu bado anakwaruza?"

"Muulize mwenyewe," bibi alisema.

Hakumuuliza. Alikuwa ameliona bakuli. Fundi alifunua kitambaa bila kumwangalia sana, akabonyeza donge kwa kidole kimoja. Kishimo kilibaki, kisha kikaanza kujaa taratibu.

"Linafanya nini?" mtoto alinong'ona.

"Likirudi polepole hivi, liko tayari. Likibaki limebonyea, tumelichelewa. Jaribu."

Mtoto akaja hatua moja, nyingine, akachuchumaa. Akabonyeza. Akangoja, pumzi ameishika, mpaka kishimo kilipojaa. Akabonyeza tena, akacheka peke yake.

Kisha akainua macho, akautazama uso wa babu yake kwa muda mrefu, kidole bado kimesimama hewani, kikiwa na unga kwenye ncha. Fundi, ambaye wiki nzima hakuweza kutulia mahali, aliacha hata kupepesa macho. Kile kidole kidogo kikaja kuelekea shavuni mwake, kikagusa, kikabonyeza.

Mtoto akakiondoa, akainama karibu, akangoja shavu lirudi polepole.