Glavu Moja ya Sufu Nyekundu

Uvumi wenyewe Zoriana aliupata sokoni kwa Odarka, muuza maziwa, na tangu siku hiyo ulimganda kama kupe. Eti kuna mke na mume wa kijiji cha pili walichukua mtoto katika ile nyumba ya watoto ya wilaya, wakamvisha, wakamlisha, wakamwita mwanetu. Wiki ya pili waliamka, vijiko vya chai havipo, na mtoto hayupo.

"Udokozi wa watoto wale uko damuni, shoga yangu," Odarka alisema huku akimkatia jibini. "Baba mlevi, mama mlevi, mtoto atakuwa nani? Padri?"

Juma lililofuata vijiko vilikuwa vimegeuka televisheni. Habari ilipofika kwa mama mkwe wake, aliyeibwa alikuwa ng'ombe.

"Mtoto wa miaka sita katoroka na ng'ombe?" Levko, mumewe, aliuliza mezani. Alikuwa fundi wa matrekta, mtu wa kucheka polepole. "Kampitishia dirishani au mlangoni?"

Zoriana naye alicheka. Lakini kicheko kilipokwisha, uvumi ulikuwa umekaa pale pale ulipokuwa.

Walikuwa wameoana miaka kumi na minne bila mtoto. Mwaka mzima walihangaika na karatasi: za hospitali, za polisi, za watu waliokuja kupima upana wa vyumba na kuchungulia jiko kama linatoa moshi. Mwishowe wakapewa kibali cha kumtembelea msichana wa miaka mitano, jina lake Uliana. Wangemtembelea kila Jumatano na kila Jumapili kwa mwezi mmoja, kisha mwanamke wa ofisi ya watoto angekuja kumuuliza mtoto mwenyewe kama anataka kwenda nao. Akikataa, hakuna mahakama wala safari ya nyumbani. Karatasi zote za mwaka mzima zingebaki za kuwashia jiko.

Mama mkwe alitaka jambo liwe siri. Akashauri Zoriana afunge mto tumboni miezi michache, kama walivyofanya wanawake wengi kabla yake, ili majirani wasiwe na la kusema.

"Mama, mtoto ana miaka mitano," Zoriana alimjibu. "Nimfunge tumboni na mabuti yake?"

Siku za mwanzo za kutembelea zilikwenda vizuri. Levko akiwa karakana, Zoriana alipanda basi peke yake, akavua mabuti mlangoni, akavaa ndara za wageni, akaketi katika chumba cha muziki chenye piano iliyofungwa kwa kufuli. Uliana aliletwa akiwa amechanwa nywele kwa maji. Hakusema sana. Alipopewa biskuti alikula nusu, na nusu ya pili akaitia mfukoni mwa aproni yake taratibu, bila kuuangalia mfuko.

Zoriana aliuangalia. Kila alipokuja aliuangalia mfuko ule kabla ya kumwangalia mtoto usoni. Sauti ya Odarka ikawa inamwambia: umeona?

Ndipo akapata lile wazo. Jumatano ya tatu, kabla ya kutoka nyumbani, alipanga mkoba wake mezani kama mtu anayepanga mtego. Chini aliweka hereni za fedha za marehemu mama yake, amezifunga kwenye leso. Juu yake kioo, kisha pakiti ya chokoleti, iliyofunguliwa ili karatasi ing'ae. Juu kabisa zilikaa glavu zake za sufu nyekundu alizozifuma mwenyewe.

Chumbani kule aliuweka mkoba wazi kwenye benchi. "Naenda kumwona mkurugenzi kidogo," alimwambia Uliana. "Nisubiri hapa."

Hakwenda kwa mkurugenzi. Alisimama kwenye ukumbi, nyuma ya mlango, kati ya makoti madogo yaliyotundikwa, akahesabu mpaka mia tatu. Alisikia miguu ya mtoto ikikimbilia mlango wa ndani, ule wa kuingilia chumba cha kulala, kisha ikirudi. Alichokuja kukichungulia, sasa aliogopa kukiona.

Aliporudi, hereni zilikuwepo. Kioo kilikuwepo. Chokoleti haikupungua hata kipande. Kilichokosekana ni glavu moja.

"Uliana, glavu yangu nyingine iko wapi?"

Mtoto aliangalia sakafu. "Sijui."

Mtu mwenye akili yake angejiuliza ni mwizi gani aachaye fedha na chokoleti akaiba glavu moja, wakati mikono ni miwili. Zoriana hakujiuliza. Alitoka akamtafuta Paraska, mlezi wa kundi lile, mwanamke mzito mwenye magoti mabovu ambaye watoto wote walimwita shangazi. Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo: alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayefanya hisani.

"Shangazi Paraska, samahani. Nadhani huyu mtoto ni mdokozi. Ni vizuri mjue mapema."

Paraska akapiga makofi mawili, na watoto kumi na wawili wakaacha walichokuwa wakifanya, wakaenda kusimama kila mmoja kando ya kitanda chake. Hawakuuliza kitu. Ilionekana walikuwa wameshazoea. Kitu kikipotea, mito huinuliwa.

Chini ya mto wa kwanza kulikuwa na kifungo cha koti. Chini ya wa pili, tiketi ya basi na ganda la chungwa lililokauka. Chini ya wa Uliana kulikuwa na soksi, na ndani ya soksi ilikuwamo glavu, imekunjwa vizuri kama nguo ya kanisani.

"Mwizi wa mkono mmoja," alisema msichana mmoja mwenye misuko miwili, na wenzake wakacheka. Uliana hakulia. Alisimama akiwa amenyoosha mikono kama wanavyofundishwa kusimama, na masikio yake yakawa mekundu kuliko ile sufu.

Zoriana alikuwa anavaa mabuti mlangoni Paraska alipomfuata na glavu mkononi.

"Wewe mama," alisema, "umewahi kuona mwizi wa glavu moja?"

Zoriana aliendelea kuvuta buti.

"Kosa nalijua mimi, maana maneno ni yangu. Mwezi wa tano kuna mke na mume walikuja kumwona. Walikuja mara tatu, na pipi wakaleta, na wanasesere wakaleta. Halafu kimya. Akawa ananiuliza kila siku, watarudi lini. Nikachoka. Nikamwambia anayesahau kitu kwa watu lazima arudi. Si hata bibi yako alikuambia hivyo?"

"Aliniambia."

"Basi akaniuliza, wale waliacha nini? Nikamwambia hawakuacha kitu. Niliropoka tu anyamaze." Paraska alimwekea glavu kiganjani. "Ungeondoka na moja, ya pili ingekurudisha. Ndivyo alivyopiga hesabu zake."

"Mbona hukuniambia kabla ya kuinua mito?"

"Nilijua lini? Nimejua nilipoiona kwenye soksi. Wewe umeleta mashtaka, na mashtaka yakiletwa tunainua mito. Ungenijia na swali, ningekwenda kumuuliza."

Kwenye basi Zoriana aliweka glavu zote mbili mapajani asizivae, na baridi ikamng'ata vidole mpaka vikawa kama si vyake. Levko alipomuuliza habari za mtoto, alijibu, "Nzuri. Anakula vizuri." Akageukia jikoni kuchemsha viazi ambavyo hakuna aliyevitaka.

Jumapili walikwenda wote wawili. Uliana aliletwa, nywele zimechanwa kwa maji, akaketi mwisho wa benchi. Alijibu alichoulizwa. Biskuti aliikataa. Muda wa kuondoka ulipofika aliinuka akaanza kuzunguka chumba. Aliokota kofia ya Levko akampa. Akaleta skafu ya Zoriana, kisha karatasi ya biskuti, kisha uzi mwekundu ulioanguka kutoka kwenye mkono wa sweta. Aliinama hadi chini ya piano kuhakikisha.

"Hujasahau kitu," alimwambia Zoriana. "Angalia tena. Usije ukaacha kitu."

"Mtoto mpangilifu huyu," Levko alisema akicheka, walipofika uani. "Mimi naweza kumkabidhi hata spana zangu."

Zoriana akasimama kwenye theluji. Alimweleza yote hapo hapo, mkoba, hereni, kuhesabu mpaka mia tatu, mito, na maneno ya Paraska. Levko aliacha kucheka tangu mwanzo.

"Uliweka na hereni za mama yako?"

"Niliweka."

"Ungeniacha mimi na ule mkoba, ningekula chokoleti yote, na ungenisamehe." Alivaa kofia yake, akaivua tena. "Na mimi ukanidanganya eti anakula vizuri."

"Niliona aibu."

"Usinieleze mimi. Mweleze yeye."

Siku ya kuulizwa ilikuwa Jumatano, na Levko naye alikuja. Mwanamke wa ofisi ya watoto, Bi Ruslana, alikuja na faili na mafua. Zoriana alimwomba kwanza nafasi, si ya kuzungumza na mtoto pembeni, bali na kundi zima, chumbani kwa kulala. Bi Ruslana alishangaa. Paraska hakushangaa, akapiga makofi mawili.

Watoto walikwenda kusimama kando ya vitanda. Uliana alikuwa wa kwanza kuushika mto wake, tayari kuuinua mwenyewe.

"Uache, mwanangu," Zoriana alisema. "Uliana hakuiba. Glavu ile aliiweka ili nirudi. Mimi ndiye niliyekosa. Nilimtega."

"Kumtega ndiyo nini?" aliuliza yule wa misuko miwili.

Zoriana alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi ila si kwa hilo. Macho ya watoto kumi na wawili yalikuwa yanamsubiri. Bi Ruslana alikuwa amesimama mlangoni na leso puani.

"Niliweka vitu vizuri kwenye mkoba, nikauacha wazi, nikajificha, nione kama ataiba."

"Kama panya?"

"Ndiyo," Zoriana alisema. "Kama mtu anavyomtega panya."

Watoto waliangaliana. Hakuna aliyecheka, na yeye aliona afadhali wangecheka. Akapiga magoti mbele ya Uliana, akamwomba msamaha kwa jina lake. Mtoto hakusema nimekusamehe wala sikukusamehe. Alikuwa anauangalia ule mkoba begani.

Wakaenda chumba cha muziki, wanne. Bi Ruslana akafungua faili.

"Uliana, mama Zoriana na baba Levko wangependa ukakae nao, uwe mtoto wao. Wewe unataka?"

Levko alikuwa anaikunja kofia yake mpaka ikawa kama kitambaa cha kufutia injini.

"Huko kwenu mito inainuliwa?" aliuliza Uliana.

"Wakati wa kutandika tu," alisema Levko.

"Na mfuko?"

"Mfuko wako ni wako," Zoriana alisema. "Hakuna atakayeutazama."

"Basi nitakwenda," Uliana alimwambia Bi Ruslana. Kisha akamgeukia Zoriana. "Lakini, shangazi, mkoba wako uwe unaufunga."

Shangazi, alisema. Bi Ruslana aliandika, akapiga chafya, akapiga mhuri. Zoriana aliufunga mkoba pale pale, mbele yao. Walipoondoka kwenda kungoja siku ya mahakama, aliacha glavu moja juu ya piano. Uliana aliiona. Safari hii hakumrudishia.

Sasa ni miaka miwili. Uliana yuko darasa la kwanza, anakula maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani kama mkata kuni, na mama mkwe, yule yule wa mto tumboni, anamfundisha kushona. Wale wa kijiji cha pili imejulikana hawakuwahi kuchukua mtoto yeyote, wala ng'ombe hawakuwahi kuwa naye. Odarka anasema yeye alisikia tu.

Lakini kila akitoka shule, kabla ya kuvua koti, Uliana huugeuza mfuko wa kulia nje, na wa kushoto nje, akasubiri kidogo, kisha akalivua na kulitundika. Hakuna anayemwagiza. Wamemwambia aache, wamechoka kumwambia. Zoriana hugeukia jiko akajifanya anachochea moto.

Wanawake wanaoanza kushughulikia karatasi huja kumuuliza njia. Huwapa chai, huwasimulia haya yote bila kujificha, kisha huwasomea aliyoyaandika kwa penseli nyuma ya kalenda:

Usiende kumwona mtoto na maneno ya sokoni kichwani.

Usimtege kwa kitu chochote, hata peremende.

Usiutazame mfuko wake. Nusu biskuti ni ya kesho, basi.

Usimshtaki kwa walezi. Muulize yeye, na ukimuuliza, chuchumaa.

Usimfiche mumeo ulichokosea.

Usiombe radhi pembeni kwa kosa ulilolifanya mbele ya watu.

Usitaje siku ya kurudi kama huna uhakika nayo.

Usiondoke na vitu vyako vyote.

Usimlazimishe akuite mama.